Uso wa Bibi Harusi wa Bahari

Kuna asubuhi moja nilimshika baba yangu mkono nikamsaidia kuukwangua uso wangu kwa kisu. Simaanishi uso huu ninaojifuta jasho. Namaanisha ule uliokuwa ubaoni, katikati ya karamu ya miungu, ambao nilikuwa nimeutazama siku tisa bila kumwambia mtu kwa sababu ulinifurahisha. Nasema mapema ili msije mkanionea huruma bure. Nilijua, nikanyamaza, na nilinyamaza kwa raha zangu.

Baba yangu alikuwa Zanobi, mchoraji, na karakana yetu ilikuwa ng'ambo ya mto Arno, nyuma ya maseremala wanaotengeneza masanduku ya maharusi. Hapa Firenze kijana wa ukoo wenye jina akioa, chumba chake hupambwa upya, na juu ya kitanda hupachikwa ubao mrefu wa picha. Ubao wa safari ile ulikuwa wa Monna Lapa, mjane wa mfanyabiashara wa sufu, aliyekuwa akimwoza mwanawe wa pekee. Hadithi aliichagua mwenyewe: harusi ya Teti, binti wa bahari, na Peleo, mwanadamu kama sisi, harusi ambayo miungu yote ya Wagiriki ilialikwa isipokuwa yule wa ugomvi.

"Mtoto wao alikuwa shujaa kuliko baba yake," alimwambia baba siku ya kuandikiana. "Nataka wajukuu wa namna hiyo."

Na kwenye mkataba akaandikisha, kama wanavyoandikisha wote, kwamba nyuso zichorwe kwa mkono wa Maestro Zanobi mwenyewe, si wa vijana wake.

Tatizo ni kwamba Maestro Zanobi hakuwa tena na macho. Mtoto wa jicho alianza kushoto, mwaka uliofuata akaingia kulia. Baba aliona mwanga, aliona dirisha, na mtu akimkaribia sana aliona kwamba kuna mtu. Pua na mdomo hakuviona. Siri hiyo tuliijua watu watatu: baba, mimi, na Vieri.

Vieri alitujia kutoka Volterra akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na ishirini na sita. Alikuwa mrefu, na mabega yake yalikuwa yamezoea kuinama kwa ajili ya milango yetu mifupi. Alikuwa na tabia ya kuuma mpini wa brashi akiwaza, kwa hiyo siku nyingi alikula chakula chake cha mchana akiwa na alama ya rangi kwenye mdomo, nami sikumwambia. Nyuso alizichora yeye, alfajiri, kabla mafundi wengine hawajafika, na mimi nilimsagia rangi. Alisema, "Nyeupe," nikampa nyeupe. Alisema, "Asante, Oretta." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya miaka miwili, na kama kuna mtu anafikiri ni machache, basi hajawahi kulisikia jina lake likitamkwa na mtu anayelipenda.

Lakini Jumapili ya wiki ile Bwana Feo, muuza dawa, alikuwa aje na mwandishi wa hati kunivisha pete. Feo alikuwa mjane mwenye watoto watatu, duka safi na nyumba ya ghorofa mbili. Baba aliniambia habari hiyo tukiwa tunakula supu ya maharagwe, nami nikamwomba chumvi.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kanisani kupachika fremu. Tulibaki watatu, na Monna Lapa akaingia bila kubisha, akivuta pumzi kwa sababu ya ngazi.

"Umemweka wapi huyo mkwe wangu wa baharini?" aliuliza. "Jumamosi mkwe wa nchi kavu analetwa nyumbani. Nataka nimwone huyu kwanza."

Vieri akaondoa kitambaa. Monna Lapa alianzia kushoto, kama mtu anayekagua shuka zilizotoka kufuliwa. Akawatazama mabinti wa bahari waliobeba zawadi, akatazama meza, akatazama mvinyo, akaridhika na mvinyo.

"Huyu nusu mtu nusu farasi ni nani?"

"Kironi," baba akajibu. "Ndiye atakayemlea mtoto wao na kumfundisha."

"Ana uso mpole kuliko wanaume wengi ninaowajua. Na huyu mama aliyenuna kule mlangoni?"

"Huyo hakualikwa."

"Wapo kila harusi," Monna Lapa alisema. Kisha akafika katikati, kwa bibi harusi. Alimtazama Teti. Akanitazama mimi. Akamtazama Teti tena.

"Wewe binti, weka hilo bakuli chini. Sogea hapa kwenye mwanga. Geuza uso. Si huko, upande mwingine." Nikageuza. "Maestro, bibi harusi huyu ni binti yako."

Baba akacheka. "Wasichana hufanana, Monna Lapa."

"Nimezaa, nimelea na nimezika, sijawahi kuchanganya nyuso. Pua hii hapa, na pua ile pale. Hata kikovu cha kwenye nyusi kimo."

Kile kikovu nilikipata nikiwa na miaka saba, nilipoanguka kwenye ngazi ya karakana, na baba ndiye aliyenibeba damu ikimchirizika mabegani. Hakuna msichana mwingine Firenze mwenye kovu lile mahali pale. Nilimwona baba akiacha kucheka, akinitafuta kwa kichwa, na akaelekea mahali ambapo sikuwapo.

"Unajua vizuri kama mimi," Monna Lapa aliendelea, "anachokitazama mke kitandani ndicho kinachomwingia mtoto. Shemeji yangu alipachika mtakatifu mwenye masikio makubwa, leo njoo umwone mwanawe anavyohangaika na kofia. Sasa mkwe wangu alale chini ya huyu, nami wajukuu zangu wote watoke na pua ya binti wa mpaka rangi? Watu watasema nini? Watasema mwanangu aliwahi kupita hapa."

Hilo la mwisho lilinichoma. Msichana akishasemwa hivyo mtaani kwetu, hata Feo na watoto wake watatu wasingemtaka.

"Nani aliyechora uso huu?" aliuliza. "Mkataba unasema mkono ni wako."

Vieri alikuwa bado ameshika kile kitambaa. Akakiweka chini, akajinyoosha. "Monna Lapa, kosa ni la—"

"Ni langu," baba akamkata. "Nimeuchora mimi. Mtu akizeeka mkono wake huenda unakopenda. Nilitaka msichana mzuri kuliko wote, nikatafuta ndani yangu, nikamkuta huyo mmoja tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Monna Lapa alimtazama muda. Hakuwa mama mbaya, mniamini. "Ningemchora mwanangu," alisema, "na angekuwa bibi harusi wa kutisha." Akashusha pumzi. "Lakini uso huo utoke. Uutoe sasa hivi, niuone ukitoka. Jumamosi mchana ubao uwe ukutani na sura nyingine."

"Sura ya nani?"

"Sura isiyo ya mtu."

Baba akaomba kisu. Nilimpa kile chembamba cha kukwangulia. Alisimama mbele ya ubao, na mimi peke yangu nilijua kwamba mbele yake kulikuwa na ukungu tu wenye rangi. Angeweza kumkwangua Peleo. Angeweza kumkwangua farasi. Na mara moja tu kisu kikienda pasipo pake, Monna Lapa angeelewa kila kitu, na karakana yetu ingefungwa kabla ya Jumapili.

"Nikushikie ubao, baba," nilisema, nikapita chini ya kwapa lake. Mkono mmoja nikaushika ubao. Wa pili nikauweka chini ya kifundo cha mkono wake, kama msichana anayezuia vumbi lisimwangukie mzee wake. Nikamwongoza hadi kwenye paji la uso.

Rangi ya mafuta haikuwa imekauka sawasawa, kwa hiyo uso ulitoka kwa wepesi. Paji, nyusi, kovu. Nilipofika kwenye macho nilisita, na baba akausikia mkono wangu ukisita. Akaninong'oneza bila kufungua mdomo vizuri, "Twende, mwanangu." Tukaenda. Vieri alikuwa amesimama nyuma yetu na sikuthubutu kugeuka. Nilihisi kuibiwa kitu ambacho sikuwahi kuwa na haki nacho, na iliniuma kuliko kama ningeibiwa cha halali.

Ilipobaki chokaa nyeupe ya chini ya rangi tu, Monna Lapa aliniita kando. "Usinichukie, binti. Ulikuwa uso mzuri. Ni kwamba si wa nyumbani kwangu." Akashuka ngazi, akilalamika kwa kila ngazi.

Baba akaketi kwenye kigoda. Akasikiliza hadi mlango wa chini ulipofungwa.

"Vieri."

"Naam, mwalimu."

"Nipe karatasi ya uso ule. Tutabadilisha pua, tutoboe upya, kesho asubuhi tuwe tumemaliza."

Kwetu uso hauendi ubaoni wenyewe. Huchorwa kwanza kwenye karatasi, mistari ikatobolewa kwa sindano, kisha karatasi ikawekwa ubaoni na kupigwa vumbi la mkaa ili alama zipite kwenye matundu. Karatasi hutunzwa kwenye sanduku, maana malaika wa leo anaweza kuwa mtakatifu wa mwakani. Baba alikuwa na karatasi za miaka thelathini mle ndani.

"Haipo," Vieri alisema.

"Imepotea?"

"Haikuwapo kamwe."

 Nilimwona baba akiligeuza jibu hilo na kuligeuza. "Umeuchora kutoka kichwani."

"Ndiyo."

"Na kovu?"

"Na kovu."

"Liko upande gani?"

"Kushoto. Karibu na mwisho wa nyusi."

"Oretta," baba aliita, "wewe ndiye uliyekuwa ukimsagia rangi. Uliuona?"

"Niliuona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Tangu alipoweka macho."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema."

"Kwa nini? Umetaka kuniua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri. Lakini nilikuwa nimetoka kujikwangua mwenyewe, na mtu akishafanya hivyo haogopi sana. "Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, baba. Nilitaka aendelee mpaka amalize."

Nilisema nikitazama sakafu. Vieri naye, nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa akitazama sakafu ile ile.

Baba akapiga goti lake kwa kiganja. "Nimempa Feo neno langu. Nimelitoa mbele ya watu. Na wewe kijana una nini? Una viatu na mkono. Mchoraji akimwoa binti wa mchoraji, nyumba inakuwa na watu wawili wanaojua rangi na hakuna anayejua mkate utatoka wapi. Na mimi nitakaa mezani kwenu kipofu, nikipapasa kijiko."

"Nimekula mezani kwako miaka saba," Vieri alisema. "Sikuona ukinihesabia vijiko."

"Usinijibu vizuri. Nina hasira."

"Samahani, mwalimu."

"Kwa nini hukusema mbele ya yule mama? Ungetamka tu kwamba mkono ni wako. Leo jioni jina lako lingekuwa limefika kila nyumba yenye ukuta mtupu."

"Na lako lingekuwa wapi?"

 Baba alipoanza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na nilimjua baba yangu: hasira yake ikishuka sauti ndipo anaanza kufikiri.

"Unajua Peleo alimpataje Teti?" aliuliza. "Huko kwenye karamu wamekaa vizuri, wamevaa. Lakini kabla ya hapo alimvizia akiwa amelala pangoni. Binti wa watu akageuka moto, akageuka maji, akageuka simba, naye Peleo akamng'ang'ania tu mpaka binti akachoka. Wanaume husifu hadithi hii. Nimeichora mara nne, na kila mara namhurumia yule msichana. Na wewe, Vieri, umefanya hayo hayo. Umemshika binti yangu kwenye ubao siku tisa, na hukumwuliza."

"Ni kweli," Vieri alisema. "Sikumwuliza. Niliogopa jibu."

"Na Feo ameniuliza lini?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ilinishangaza mwenyewe. "Na wewe, baba, uliniuliza lini? Uliniambia kati ya supu na mkate."

"Nawe ukaniomba chumvi."

"Ningekuomba nini kingine?"

 Nje maseremala walikuwa wakigonga masanduku ya mabinti wa watu, na baba akageuza kichwa kuelekea kelele zile.

"Mara ya mwisho kumwona vizuri alikuwa na miaka kumi na saba," alimwambia Vieri, kana kwamba mimi nimetoka. "Nimekwangua kitu ambacho sikuwahi kukiona. Niambie kilikuwaje. Sema polepole, kama unaniambia nichore."

Vieri alisogea karibu na ubao, akaitazama ile chokaa nyeupe kana kwamba uso bado upo.

"Paji nililiacha pana, kwa sababu ni pana. Nywele za mbele hazikai, kila asubuhi huzilowesha na kila asubuhi humshinda, kwa hiyo nikaziacha hivyo, nikasema ni upepo wa bahari. Macho ni ya kahawia. Lakini akitazama dirishani kuna kijani pembeni, kidogo sana, nikakitia kwa brashi ya nywele tatu. Pua nilichora jinsi ilivyo. Monna Lapa amesema kweli, inajulikana. Mdomo ulinisumbua siku tatu."

"Kwa nini?"

"Hautulii. Huubana anapozuia kucheka. Na wewe, mwalimu, ukianza kuwafokea mafundi, huwa anazuia kucheka."

"Mara nyingi?"

"Kila siku."

"Sikujua," baba alisema. Akafikiri. "Na alikuwa akitazama wapi? Kwa Peleo?"

"Nilishindwa. Kila nikimgeuza kwa Peleo uso unakufa. Mwisho nikamwacha atazame nje ya picha, kwa anayemchora." Vieri akaigusa chokaa kwa kidole. "Nilijua si sawa. Nilijua Jumapili anavishwa pete. Nikasema basi, abaki mahali fulani akinitazama, hata kama ni ukuta wa watu wengine."

Mimi nilikuwa nimeegemea jiwe la kusagia, nikilia bila kujificha, kwa kuwa mmoja haoni na mwingine nilitaka aone. Vieri akaona. Kwa aibu akaondoka pale ubaoni kwa kunyata, akaenda kusimama dirishani na kutupa mgongo.

Baba akajifuta macho yake yasiyomfaa kitu. "Uso mpya wa Teti atauchora Oretta," alisema. "Ana mkono, nami nilikuwa mjinga kumwachia bakuli tu. Wewe sikuamini, utamrudisha huyu huyu."

Kule dirishani Vieri alikubali kwa kichwa tu, akasahau kwamba mwalimu wake haoni.

"Feo nitamwendea mwenyewe kabla ya chakula. Nitaaibika. Nimeshaaibika mara moja leo na bado niko hai." Kisha akasimama na kuweka sawa kola yake, kama anavyofanya akimpokea mteja mkubwa. "Lakini hayo yote yanategemea jambo moja, nami sitalifanya tena kati ya supu na mkate. Oretta, simama vizuri. Siku ya pete mwandishi wa hati humwuliza msichana mbele ya watu, na msichana hujibu alichofundishwa. Mimi nakuuliza leo, na sijakufundisha kitu. Ukikataa hakuna atakayekugusa, si huyu wala Feo. Utakaa hapa na mimi, tutapigana na rangi."

"Niulize, baba."

Akanyoosha mkono, akaelekeza kidole kule alikokuwa amesikia sauti ya Vieri ikimsimulia uso wangu. Kidole kilikuwa imara, cha mtu mwenye uhakika. Kilielekea moja kwa moja kwenye chokaa nyeupe. Hapakuwa na mtu pale.

"Unamtaka mwanamume huyu awe mume wako?"

Vieri aligeuka dirishani. Akakitazama kidole cha mwalimu wake, akanitazama mimi. Akavua viatu ili mbao zisilie, akapita karakana nzima kwa soksi, akaenda kusimama mbele ya kile kidole.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Huyo huyo unayemwonyesha."